Mdogo wangu, ile ibara uliyoifuta

Mdogo wangu,

Tangu tuanue matanga hupokei simu yangu, basi nakuandikia hapa ambapo najua unapita. Wengine mtatuwia radhi.

Nimeikuta ile kaunta buku. Ilikuwa chini kabisa ya sanduku la mama, imeviringishwa kwenye khanga yake kama hati ya shamba. Jalada lina mwandiko wako: "Haki za Watu Wote, Baraza la Mataifa, mwaka 2100." Likizo ile ulikuwa hulali. Chuo kimewaambia mtunge tamko la kesho, nawe ukaja na lile la Haki za Binadamu, lililopitishwa na Umoja wa Mataifa huko Paris mwaka 1948, limekunjamana, unatusomea barazani kama mhubiri. Ibara 30. Nchi 48 zimekubali, 8 hazikuegemea upande wowote, hakuna iliyokataa. Nikakuuliza, na sisi siku hiyo ya Paris tulikuwa wapi? Ukacheka. "Chini ya Mwingereza, dada. Ndiyo maana hili tunaliandika wenyewe." Nilijivuna, sikukuonyesha tu. Hata Hansa Mehta, yule mama wa India aliyekataa ibara ya kwanza ianze kwa neno la wanaume mpaka likawekwa la binadamu, nilimjua kwako.

Ndipo mama, anamenya ndizi, akauliza: "Humo mzazi yuko ibara ya ngapi?"

Unakumbuka ulivyomjibu? "Mama, hizi ni haki, siyo mila." Nami nilikuwa nimeandika kwa penseli, pale chini, kwamba mtoto ana wajibu wa kumtunza mzazi wake. Ukachukua kifutio ukaufuta mbele yake. Hakusema neno. Aliendelea kumenya, ganda moja refu, mpaka likakatika. Hilo nimeshindwa kukusamehe, na nimejaribu.

Tena ulikosea. Ibara ya 29 ya tamko hilo hilo la 1948 inasema kila mtu ana wajibu kwa jamii yake. Mkataba wetu wa Afrika wa haki za binadamu, ule uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, nao kwenye ibara ya 29, namba ile ile, unamtaja mzazi waziwazi: aheshimiwe wakati wote, atunzwe akihitaji. Mama aliuliza swali la kisheria, wewe msomi ukasikia ushamba.

Pesa ulikuwa unatuma, sikatai. Dawa hazikukosekana hata siku moja, na kila mgeni mama alimwambia zimetoka kwako. Ila kumgeuza mgonjwa saa nane za usiku hakutumwi kwa simu. Nilimgeuza mimi, miaka miwili. Kwa hiyo siku ya mazishi, ulipopiga ile simu ya picha, wajomba wakasema nikuelekezee kaburini, nami nikaizima, haikuwa roho mbaya. Nilikuwa nimechoka. Mikono yangu ilikuwa na udongo. Nani asingeizima?

Habari za karatasi zako nazijua, huna haja ya kunieleza mara ya nne. Ukitoka huko huingii tena. Ibara ya 13 ya lile tamko la 1948 inakuruhusu kuondoka nchi yoyote na kurudi kwenu; kuingia kwa mwenzako haikuahidi.

Lakini wewe uliiandika. Nimeiona jana, ukurasa wa tisa: "Kila mtu ataingia nchi yoyote kwa amani, na kutoka, na kuingia tena." Imekatwa mistari miwili kwa wino wa bluu, pembeni pameandikwa: "Wakubwa hawatakubali. Toa." Huo mwandiko si wako. Ulibishana nami mpaka taa ikaisha mafuta, nikakwambia andika kinachopitika. Nilitaka ushinde, mdogo wangu. Nilidhani ndivyo mtu anavyosaidiwa.

Chumba chako nimekijaza magunia ya mpunga. Ukipiga, hata usiku, nitapokea.

Dada yako