Kikao cha wauguzi Alhamisi, saa kumi jioni: mishahara na saa za ziada

Habari za jioni, wenzangu. Mlio zamu ya usiku poleni, someni mkipata nafasi.

Juzi wodi ya kina mama tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa 38. Saa nne usiku glavu zikaisha, ikabidi mume wa mgonjwa avuke barabara akanunue kwenye duka la dawa, kwa pesa yake. Kufika asubuhi, barua ukutani: malipo ya saa za ziada yamesitishwa, bajeti haitoshi. Sawa. Lakini wakubwa wa ofisini marupurupu yao yameingia, na sisi mshahara wa mwezi jana bado. Bajeti hiyo inajua kuchagua!

Naona wengine humu kikundini mnaandika "mgomo, mgomo". Tulieni kwanza. Tuliokuwepo 2017 tunakumbuka mgomo wa wauguzi wa Kenya: Juni hadi Novemba, miezi 5, na kodi ya nyumba haikugoma. Na wenzetu wa UHC (mpango wa serikali wa afya kwa wote) walioajiriwa 2020 na ambao bado wako kwa kandarasi wasiwekwe mbele, wao ndio rahisi kufutwa.

Alhamisi tukutane chini ya mwembe, nyuma ya chumba cha dobi. Leteni nakala ya ratiba ya zamu na slipu za mshahara za miezi mitatu. Maneno matupu ofisini hayasikiki. Picha za wagonjwa msitume humu, tafadhali. Nimeshafuta mbili leo.

Asiyeweza kufika anitumie ujumbe faraghani. Chai kila mtu ajinunulie, mfuko wa kikundi umekauka.