Mjomba, tulifungue lile sanduku

Mjomba, shikamoo.

Najua barua hii utasomewa na binti yako, kwa kuwa macho yanakusumbua, na najua akifika kwenye neno sanduku utamwambia aruke. Mwambie asiruke. Nimeiandika hadharani kwa sababu kwenye simu, kila nikilitaja lile sanduku la bati lililo chini ya kitanda chako, unaniuliza kama mvua imeshanyesha Kigoma. Halafu wajomba wa namna yako ni wengi, Tabora, Urambo, Kasulu, Ujiji, wazee waliofunga studio za picha wakabaki na masanduku ya filamu. Watoto wao nao wasome.

Ninachoomba ni kimoja: tulifungue, mimi na wewe, kabla mvua hazijachanganya. Niache nikusimulie yaliyotokea huku Ziwa Tanganyika, utaona kwa nini siwezi tena kunyamaza.

Mwishoni mwa Agosti tulikaa siku 3 ufukweni Kibirizi, hapa Kigoma, watu 9, tukijifunza kupiga picha. Wawili walikuja na treni kutoka huko kwenu Tabora. Wengine ni wa hapahapa: fundi simu wa mtaa wa Mwanga, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Ujiji, vijana wanaopiga picha za harusi. Kamera zilikuwa 4, waliobaki walitumia simu. Mkufunzi wetu alitoka Dar es Salaam, mtu anayeijua kazi yake na mwenye subira.

Siku ya kwanza ziwa lilimfundisha yeye. Alikuwa amepanga tumalize picha za machweo saa kumi na mbili na nusu, kama walivyozoea pwani, kisha tukale. Saa ilipofika jua bado liko juu ya maji, vidole vitatu hivi ukinyoosha mkono. Sisi tuko mbali magharibi lakini saa zetu ni moja na za Dar, kwa hiyo jua hutuaga karibu dakika 40 baada ya kuwaaga wao. Siku zile lilikuwa linazama saa moja kamili. Akacheka, akafuta ratiba yake, tukakaa mchangani kungoja.

Na Agosti halizami majini, unakumbuka. Milima ya Kongo haionekani kabisa, hewa imejaa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Jua linageuka duara jekundu unaloweza kulitazama kwa macho makavu, halafu linafutika hewani kabla halijagusa kitu. Vijana walisononeka, walitaka ile njia ya dhahabu juu ya maji. Mimi nilipiga picha 3 tu, nikageuka nyuma. Nilikuwa na miaka 12 uliponiambia: jua likizama, geuka uone linamulika nini. Nyuma yangu vilima vilikuwa vimewiva kama matofali, na mvulana mmoja amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anakula muwa, nusu ya uso wake ni shaba.

Usiku ule ulikuwa wa giza, hakuna mwezi, kwa hiyo wavuvi wote walikuwa majini. Kwenye mbalamwezi hulala nyumbani, maana taa zao hazina kazi mwezi ukiangaza. Siku hizi taa ni za sola na betri, karabai zimebaki chache, lakini ukisimama ufukweni bado utadhani kuna mji mzima umewashwa katikati ya ziwa. Tulijaribu kuzipiga kwa kuacha shata wazi sekunde 20. Kila taa ilitoka kama mwandiko wa mtoto wa chekechea, kwa sababu vipe, vyombo vya wavuvi, vinayumba na stendi zetu zilikuwa zinazama mchangani kila wimbi likija. Mwalimu wa Ujiji aliipenda yake hivyohivyo. Na mimi naipenda.

Asubuhi ya pili ndiyo ninayotaka kuisimulia polepole.

Mitumbwi hurudi kabla jua halijavuka vilima, na kwa muda huo wote ufuko mzima uko kivulini. Ni mwanga laini, hauweki kivuli chini ya pua, ni ule wa kibarazani kwako. Tulipiga makarai yakishushwa, wanaume waliolowa hadi kiunoni, mizani. Jua lilipovuka, akina mama walikuwa wameshaanza kuwatandaza dagaa kwenye vichanja. Sasa sikiliza. Dagaa wabichi ni fedha tupu. Mama mmoja alikuwa ameinama, anawatenganisha kwa ncha za vidole wasigandane, khanga ameifunga kifuani, jua linampiga mgongoni. Kwa hesabu ya kawaida uso wake ulipaswa kuwa kiza. Haukuwa. Mwanga ulikuwa unapanda kutoka kwenye samaki. Chini ya kidevu, kwenye vishimo vya macho, kila mahali ambapo jua la saa tatu huacha weusi, palikuwa pamejaa, na ulikuwa unacheza kidogo kila alipovuta kiganja.

Nikaliona shuka lako jeupe. Nikajiona mwenyewe nimepiga magoti nje ya studio yako, nimelishika kwa mikono miwili inayotetemeka, na wewe nyuma ya kamera yako ya Yashica unaniambia inua kidogo, uso wa bibi una kiza. Miaka yote ile nilidhani unanipa kazi ili nisizurure.

Kamera za wenzangu zilidanganyika. Zikiona fedha na maji mengi hudhani mwanga umezidi, zikapunguza, na sura ya mtu mweusi ikabaki pengo. Niliwaambia maneno yako: pima uso, mbingu itajitegemea. Nikawapa na hesabu yako ya jua kali: tundu la lenzi 16, spidi ifuate namba ya mkanda, mkanda wa 100 spidi 125. Yule fundi simu alijaribu kwa mkono, bila msaada wa kamera, na sura zikatoka. Akaniuliza nimesoma wapi. Nikamwambia Tabora, kwa mjomba.

Kisha tukaharibu. Mmoja wetu alizunguka nyuma ya yule mama akaanza kumpiga karibu kabisa, mikono, halafu mgongo, bila salamu. Mama akasimama, akajifunika khanga hadi kichwani. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Kila mwaka mnakuja, mnatupiga, mnaondoka. Picha zetu ziko wapi?" Na mstari mzima wa akina mama ukatugeuzia mgongo, mmoja baada ya mwingine, mpaka kwenye kichanja cha mwisho.

Alikuwa na haki, na sitaki kulifunika hilo. Mkufunzi aliomba radhi kwa adabu, tukaweka kamera mifukoni, tukakaa chini ya kibanda. Tulikaa kama nusu saa hakuna anayejua la kufanya.

Ndani ya daftari langu nilikuwa na ile picha uliyompiga mama yangu gatini Kigoma, amevaa gauni la madoa, meli ya Liemba nyuma yake, na nyuma ya karatasi umeandika 1987 kwa wino wa bluu. Nilikwenda nayo kwa sababu mkufunzi alitaka kila mtu alete picha moja ya nyumbani. Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu kando yetu aliiona, akaiomba. Hakumtazama mama, alitazama meli. Akaanza kutusimulia kama mtu anayesimulia ukoo wake: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande, ikaunganishwa hapahapa Kigoma na kuingia majini 1915, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 isiangukie mikononi mwa adui, Waingereza wakaiopoa 1924, ikarudi kazini 1927. Kwamba wale mafundi waliozamisha walizipaka injini grisi kwanza, ndiyo maana zilifufuka. Alipofika kwenye grisi wanawake watatu walikuwa wamesimama nyuma yake wanachungulia. Mmoja alikuwa yule mama.

Picha ikazunguka mikononi, mikono yenye magamba ya dagaa, sikuthubutu kusema waifute kwanza. Walibishana kuhusu gauni. Walibishana kama lile ni gati la abiria au la mizigo. Tukasimama, tukawaamkia upya, "mwakeye", kama ilivyopaswa tangu alfajiri, tukaomba. Wengine walikubali, wawili walikataa na tukawaacha.

Mchana wa siku ile tulikwenda mtaa wa Mwanga kusafisha picha 31, na siku ya tatu tukazirudisha zote ufukweni kabla ya kupiga nyingine yoyote. Natamani ungekuwepo. Yule mama alishika yake kwa kingo, kama unavyoishika wewe, akaitazama muda mrefu. Kisha akauliza kama kuna aliyepiga mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kuvua kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, vichanja vyote vikawa vitupu na watoto wanavichezea. Tukatazamana. Wengi wetu tulikuwa mjini hapa miezi yote ile, na hakuna aliyeona kwamba ile nayo ni picha.

Akasema jambo jingine, na hili ndilo lililonikosesha usingizi. Alisema yeye ana picha moja tu ya ujana wake, au alikuwa nayo, nyumba ikavuja ikaharibika. Alipigwa Tabora, alipokwenda kwa dada yake, studio ya karibu na stesheni. Nikamuuliza pazia lilikuwaje. Akasema: ziwa, na mnazi mmoja. Mjomba, pazia lako lilikuwa na ziwa na mnazi mmoja. Najua la jirani yako lilikuwa hivyohivyo, mchoraji wenu alikuwa yuleyule, kwa hiyo sikumwahidi kitu. Lakini nilimwandika kwenye daftari: mwaka anaoukumbuka, rangi ya blauzi, na kwamba alikuwa ameshika redio isiyokuwa yake.

Redio ile ilikuwa yako. Ulikuwa unawapa wateja waishike.

Sasa kuhusu sanduku. Pasaka nilipolala kwenu nililivuta kidogo ili nitandike mkeka, nikasikia harufu ya siki. Wewe ulisema ni achari ya shangazi. Sio achari. Filamu zikikaa miaka kwenye joto na unyevu, plastiki yake inaanza kuvunjika na kutoa asidi ya siki, na asidi hiyo inachochea nyingine iendelee. Filamu iliyoanza inaambukiza iliyo jirani yake. Zinasinyaa, zinajikunja, mwisho tabaka lenye picha linabanduka. Na za rangi zinapauka hata zisiponuka. Sanduku la bati lililofungwa, Tabora, chini ya kitanda, ni mahali pabaya kuliko hata kibarazani. Hizi hatukuzipaka grisi, Mjomba.

Najua kinachokuzuia. Mtu mmoja aliwahi kuja akachukua bahasha mbili, akasema anakwenda kuzitengeneza, hakurudi. Kwa hiyo nakuahidi mbele ya wote wanaosoma: hakuna filamu itakayotoka nje ya mlango wako. Yule fundi simu ametengeneza kisanduku chenye taa nyeupe na kioo cha maziwa, filamu inalala juu, kamera inatazama kutoka juu, tunapiga moja moja, kisha kompyuta inageuza nyeusi kuwa nyeupe. Tutakuja naye. Tutavaa glavu za pamba. Zinazonuka tutazitenga siku hiyohiyo na zisizonuka, na zote tutazihamishia kwenye bahasha za karatasi, maana nailoni inazifungia mvuke. Wewe utakaa kwenye kiti chako na kutuambia nani ni nani. Hiyo ndiyo kazi ambayo hakuna mashine itakayoifanya, na ninakuomba radhi kwa kulisema hili waziwazi, lakini nakuona unavyotafuta majina ya watu siku hizi. Juzi ulinitafuta mimi.

Mpaka tulifungue, fanya mambo mawili tu. Litoe chini ya kitanda, uliweke chumba cha nyuma ambako jua haligongi ukuta. Na ufungue kifuniko kidogo, lipumue.

Tukimaliza, panda treni urudi nami Kigoma. Kwa Novemba mvua zitakuwa zimeosha hewa na milima ya Kongo itakuwa imetokea, ile ya bluu uliyosema haiwezekani kuipata kwenye mkanda. Kundi letu linakutana tena Kibirizi, na wenzangu wanamngoja mtu wa shuka jeupe. Njoo na Yashica. Betri ya kipima mwanga usihangaike nayo, hujawahi kuihitaji. Mkanda mmoja wa picha 36 nimeupata, tarehe yake haijapita, uko kwenye friji ya mama ndani ya kopo, chini ya migebuka. Mama ameshaambiwa asiuguse.