Barua kwa Mama Baraka: Saa Zako Chache za Mwanza

Kirumba, Mwanza
10 Novemba

Mpendwa Mama Baraka,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo, na ninaamini kwamba wewe, Baba Baraka na watoto mu wazima. Nimepata ujumbe wako kwamba utapita Mwanza ukielekea Bukoba kwenye harusi ya mdogo wako, kwamba basi lako kutoka Kahama litakufikisha Nyegezi karibu na saa sita mchana, na kwamba meli haitang'oa nanga hadi usiku. Bahati mbaya siku hiyo nitakuwa Nansio kikazi, kwa hiyo sitaweza kukutembeza mwenyewe. Nakuandikia badala yake, maana nakufahamu: ukiachwa peke yako utakaa kwenye benchi la bandarini ukisahihisha madaftari tangu mchana hadi giza liingie.

Kwanza utue mzigo. Ukishuka Nyegezi usikubali kuvutwa na wapiga debe, bali panda daladala ya mjini, au bajaji kama begi ni zito, uende moja kwa moja dukani kwa shemeji yako pale Makoroboi. Kila mtu atakuelekeza, kwa sababu eneo hilo linajulikana tangu enzi za mafundi waliotengeneza koroboi kwa makopo chakavu. Nimekwisha kumwambia, naye atakutunzia begi hadi jioni. Kutoka hapo bandarini si mbali, na huo ndio msingi wa ushauri wangu wote: ukae upande wa ziwa, usiuache mji wa katikati kwa umbali mkubwa, na uchague jambo moja tu la kulifanya kwa utulivu.

Nasema hivyo kwa sababu utapewa ushauri mwingine. Shemeji yako mwenyewe, ambaye ni Msukuma asiyeficha Usukuma wake, atakuhimiza uende kwenye makumbusho ya Bujora, na hoja zake zitakuwa nzuri. Makumbusho yale ya Kisesa yana ngoma za himaya za watemi, yaani machifu wa Kisukuma, yana jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, na yana kanisa ambalo Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alilijenga kwa sura ya nyumba ya Kisukuma. Lakini Kisesa ni mwendo wa kilomita zipatazo ishirini kwa barabara ya Musoma, na barabara hiyo ukiipita Mabatini na Buzuruga wakati wa foleni itakulia muda ambao huna. Isitoshe, Bujora inataka mtu wa kukueleza ngoma moja baada ya nyingine, nawe ukiwa unatazama saa hutasikia chochote. Ningependa uje Juni, wakati wa sikukuu ya Bulabo, uwaone Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya wachezaji wa Kisukuma, wakishindana kwa ngoma na madawa hadi vumbi lipande. Hapo nitaomba ruhusa kazini twende pamoja.

Wengine watakuambia ukalione Daraja la J. P. Magufuli. Ni kazi kubwa kweli, kilomita tatu juu ya maji kati ya Kigongo na Busisi, na tangu lifunguliwe Juni 2025 wengi wetu tumesahau jinsi tulivyokuwa tukipanga foleni kusubiri kivuko. Hata hivyo, daraja ni la kumpitisha mtu aendako. Kulivuka kwa dakika chache kisha kugeuza na kurudi ni kazi ya wapiga picha. Siku utakapokuwa na safari ya Sengerema au Geita utaliona bila gharama ya ziada.

Jambo moja ambalo ningelichagua mimi, basi, ni Kisiwa cha Saanane. Nadhani hakuna mji mwingine hapa kwetu ambapo mtu hutoka dukani, akaenda Capri Point, akapanda boti, na baada ya dakika chache akawa ndani ya hifadhi ya taifa. Kisiwa kinaitwa kwa jina la Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa akiishi pale kabla Serikali haijakichukua na kukifanya bustani ya wanyama mwaka 1964. Kilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na kwa ukubwa wa kilomita za mraba 2.18, maji yakiwamo, ni kidogo kiasi kwamba utakizunguka kwa miguu bila haraka. Usitarajie tembo. Kuna swala pala, tumbili, kenge wa kutisha ambao hawana habari nawe, na pimbi walioanikwa na jua juu ya mawe. Ndege ni wengi mno, na nisingethubutu kukutajia majina yao, kwani wewe ndiwe mwalimu wa baiolojia.

Nenda huko kabla ya saa nane, ili urudi bara ifikapo saa kumi au kumi na nusu. Chukua kitambulisho chako cha Taifa, kwa sababu raia hulipa kiingilio chake kwa shilingi na ni nafuu sana kuliko cha mgeni. Uwe pia na salio la kutosha kwenye simu, maana malipo ya serikali siku hizi hupitia namba ya kumbukumbu. Vaa viatu vyenye soli ya mpira. Njia za juu ni za mawe matupu, na mvua za vuli zikinyesha huteleza vibaya. Mwavuli utakufaa kwa mvua na kwa jua vilevile. Halafu nakuomba, hata maji yakikuvutia namna gani, usiingize miguu ziwani pale ufukweni penye majani na konokono. Kichocho hakimwogopi mwalimu.

Ukiwa kileleni mwa kisiwa utaelewa kwa nini watu huuita huu mji wa mawe. Milima yote, kuanzia Bugando palipo na hospitali hadi Isamilo na Capri Point, imejaa mawe makubwa yaliyobebana kana kwamba kuna aliyepanga mafiga akasahau kuinjika chungu. Hakuna aliyeyapanga. Ni mwamba wa graniti wenye umri unaozidi miaka bilioni mbili, ambao ulipasuka kwa mistari ya wima na ya ulalo ukiwa bado chini ya ardhi. Maji yakapenya kwenye nyufa, yakazila kingo za kila kipande hadi zikawa mviringo, kisha udongo uliokuwa katikati ukachukuliwa na mvua, mawe yakabaki yamekaliana. Watu nao wamejenga nyumba katikati yake, nyingine zikitumia jiwe kama ukuta wa nyuma, na ninawastahi mafundi wanaopandisha matofali kule kwa mabega. Ni kwenye kilima hichohicho cha Isamilo, inavyosemekana, ambako Mwingereza John Hanning Speke alisimama tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa na kulipa jina la malkia wake, ingawa wavuvi waliokuwa wakitandaza nyavu chini yake asubuhi hiyo walikuwa na jina lao tayari.

Jiwe la Bismarck, ambalo utaliona kwenye kila kalenda ya Mwanza, liko karibu na kivuko cha Kamanga, njiani ukirudi bandarini. Litazame, piga picha, endelea. Linapendeza zaidi jua likiwa linashuka, lakini halihitaji zaidi ya robo saa.

Kuhusu chakula, kula kabla ya kwenda kisiwani. Agiza sato, wa kuchoma au wa kukaanga, pamoja na ugali, na uulize bei kabla samaki hajaingia kwenye mafuta. Usimwagize sangara kwa kudhani ndiye samaki wa heshima wa hapa. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, akawala furu, wale samaki wadogo wa asili, wa aina nyingi hadi wakatoweka, na leo minofu yake huenda viwandani ili isafirishwe nje, mabondo, yaani vibofu vyake vya hewa, yakiuzwa kwa bei inayoshangaza, huku sisi tukiachiwa mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyobaki. Mapanki ya kukaanga ni matamu, sikatai, ila si ya mtu mwenye safari ya usiku mzima majini. Ukikutana na mama anayeuza matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, nunua ya kutafuna kwenye meli.

Dagaa usinunue sasa, kwa kuwa huko uendako wanavua ziwa hilihili. Wanunue wakati wa kurudi. Meli ya kutoka Bukoba huingia Mwanza asubuhi, na hizo saa mbili tatu kabla ya basi la Kahama ndizo saa za Mwaloni hapa Kirumba, soko likiwa limechangamka na korongo wakigombea matumbo ya samaki karibu na miguu ya wachuuzi. Mimi nitakuwa nimerudi, tutakwenda wote. Nikichelewa, tangulia ukijua haya: dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku usio na mwezi, hivyo mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika na bei hupanda, na giza likirudi sado, lile kopo la kupimia, hushuka bei. Chagua dagaa wanaong'aa rangi ya fedha. Waliogeuka manjano wamekaa sana au walinyeshewa kabla ya kukauka. Chota kiganja kimoja, wasugue, kisha utazame kama mchanga unabaki mkononi. Wakibaki na mchanga ujue walianikwa chini badala ya kwenye chanja au juu ya nyavu, na hata uwaoshe namna gani watakutafunisha changarawe. Kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, nunua pia, ila wafunge vizuri kwenye mfuko wa nailoni, la sivyo abiria wenzako hadi Kahama watakujua.

Jioni pitia begi kwa shemeji yako mapema, na uwe bandarini ifikapo saa kumi na mbili hata kama tiketi imeandikwa saa ya baadaye, kwa sababu siku za safari mizigo ya ndizi na ya madukani huziba njia na kila mtu anataka kuingia kwa wakati mmoja. Kama umekata daraja la kukaa, chukua kiti cha ndani na uwe na khanga mbili. Upepo wa ziwa usiku hauna adabu. Meli ikisimama Kemondo alfajiri usikurupuke kushuka na umati, maana Bukoba bado iko mbele.

Mpe bibi harusi pongezi zangu, na kama senene wameanguka huko, nifungie kopo moja la waliokaangwa, wasiotiwa pilipili.

Wako akupendaye,
Mama Neema