Barua kwa mwanangu: Volkswagen sasa ni yako

Mwanangu Rehema,

Habari za huko? Sisi hatujambo. Kadi ya gari umeshaipata, kwa hiyo hii ni barua ya kazi. Volkswagen hili ni Beetle, lile la mgongo wa mviringo lenye injini nyuma, modeli ya 1500 ya mwaka 1969. Halina rejeta wala maji; linapozwa na upepo na oili. Fundi yeyote asiyelielewa hilo asifungue boniti ya nyuma.

Anza na mkanda wa feni. Feni na dinamo viko kwenye shafti moja, kwa hiyo mkanda ukikatika hupotezi chaji tu, unapoteza upepo wote wa injini. Taa nyekundu ya dinamo ikiwaka barabarani, usiseme utafika kwa chaji iliyobaki. Simama hapohapo, zima, kaangalie mkanda. Ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba unapaswa kuingia kama milimita 15. Ukilegea zaidi, usihangaike kusogeza dinamo, haisogei. Ingiza bisibisi kwenye pengo la pulei ili isizunguke, fungua nati kwa spana ya 21, toa wosha moja iliyo kati ya vipande viwili vya pulei, kisha uivishe kwa nje, chini ya nati. Wosha zile usitupe hata moja, mkanda mpya utazihitaji tena ndani.

Yale mabati yanayoizunguka injini, pamoja na raba za kwenye waya za plagi, yabaki yote. Wapo mafundi wanaoyatoa eti injini ipumue. Kinachotokea ni kwamba upepo wa feni unatoroka kabla ya kupita kwenye silinda, na joto la ekzosi linapanda kutoka chini na kunyonywa tena na feni. Kataa kabisa.

Oili ni lita 2.5, basi. Uzito wake ni SAE 30, au SAE 40 kama gari linashinda kwenye joto la Dar. Hakuna filta, kuna chujio la waya tu, ndiyo maana unabadilisha kila kilomita 5,000, na mapema zaidi ukipita sana barabara za vumbi. Mwaga injini ikiwa ya moto, fungua nati sita ndogo za spana ya 10, osha chujio kwa petroli, weka gasketi mbili mpya na wosha mpya za shaba. Nati hizo hazitaki nguvu, 7 Nm tu kwenye spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Bloku ni ya magnesiamu, na fundi mwenye mkono mzito atang'oa uzi, kisha utakuwa unadondosha oili maisha yako yote.

Sasa valvu, yaani vile vilango vya kuingiza hewa na petroli na kutoa moshi kwenye silinda. Hapa ndipo injini hizi zinapofia, na kazi yenyewe unaiweza mwenyewe. Seti nafasi yake kila unapobadilisha oili, asubuhi, injini ikiwa imelala baridi usiku kucha. Bonyeza kibanio cha waya kwenda chini, toa kifuniko cha valvu. Zungusha injini mpaka alama ya pulei ilingane na maungio ya bloku, na rota, kile kipande kinachozunguka ndani ya distributa (kigawa umeme wa plagi), ielekee kwenye mkwaruzo ulio ukingoni mwa distributa: hapo ni silinda 1, iliyo kulia mbele ukikaa kama dereva. Legeza nati ya 13, pitisha fila geji (bati jembamba la kupimia nafasi) ya milimita 0.15 kati ya skrubu na valvu, kaza skrubu mpaka geji ipite kwa kukwaruza kidogo, shika skrubu kwa bisibisi isisogee, funga nati, kisha pima tena, maana mara nyingi nati ikikazwa nafasi inabadilika. Zungusha pulei kinyume cha saa nusu mzunguko, uko silinda 2, kulia nyuma. Nusu nyingine, silinda 3, kushoto mbele. Nusu nyingine, 4. Kila upande, valvu mbili za pembeni ni za ekzosi, mbili za kati ni za kuingiza.

Valvu inayogonga kidogo usiiogope. Ya kuogopa ni ile iliyonyamaza kwa sababu imebana: haikai vizuri kwenye siti yake, haipoi, inaungua. Iangalie zaidi ya ekzosi ya silinda 3. Kwenye injini za umri huu kipozea oili kimesimama ndani ya nyumba ya feni, mbele ya silinda hiyo, kikiinyima upepo. Volkswagen walikihamisha kuanzia modeli ya 1971. Ukikuta nafasi ya valvu hiyo imepungua, ukaiseti, na safari ijayo ukaikuta imepungua tena, usiendelee kuseti. Shina la valvu linarefuka na kichwa chake kiko njiani kukatika, na kikikatika kinatoboa pistoni. Toa silinda hedi.

Petroli nayo haina mzaha. Mipira ya petroli inaoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Badilisha yote kila baada ya miaka miwili, ukianza na ule unaopita nyuma ya bati la mbele la injini, ambao mafundi wengi wanausahau. Weka klipu kila mwisho. Filta ya plastiki isining'inie juu ya injini, ifungwe chini ya tangi. Kisha jaribu kukitikisa kwa vidole kile kibomba cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta. Kimeshindiliwa tu, hakina uzi, na kikichomoka petroli inamwagika jirani na distributa. Magnesiamu ya bloku ikishika moto, maji yanauongeza. Mtungi wa kuzimia moto wa kilo 2, wa unga, ukae ndani, karibu na kiti chako.

Betri iko chini ya kiti cha nyuma. Kifuniko chake kisikosekane, la sivyo mtu mzito akikaa, springi za kiti zinagusa vichwa vya betri na kiti kinawaka.

Upepo wa tairi: mbele psi 18, nyuma 27. Mjaza upepo atataka kuweka 30 zote, na gari litayumba. Tairi ya akiba ijaze zaidi, maana ndiyo inayosukuma maji ya kioo.

Nati kubwa ya spana ya 36 ya gurudumu la nyuma inataka 300 Nm. Kama tundu la pini halilingani, kaza zaidi, usirudishe nyuma; ikilegea inakula meno ya drami.

Vipuri usihofu. Magari haya yaliendelea kutengenezwa Puebla, Mexico, mpaka Julai 2003. Ila ukipata distributa ya asili ya Bosch, hata kuukuu, usiibadilishe na mpya ya bei chee. Na akikucheka mtu barabarani, mwambie lilishinda Safari Rally mwaka 1962 likiwa na injini ndogo kuliko hii.

Mbele, kando ya tairi ya akiba, nimekuwekea mkanda mmoja, pointi na kondensa za distributa (nafasi ya pointi ni milimita 0.4), waya wa klachi, waya wa eksileta na mita moja ya mpira wa petroli wa milimita 5. Ukitumia kimoja, nunua kingine wiki hiyohiyo.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Baba yako