Risala ya Kikundi cha Wanawake Wasindikaji wa Karanga, Nkuhungu, kwa Mgeni Rasmi Siku ya Kugawana Akiba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mtendaji wa Kata, Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, Ndugu Afisa Maendeleo ya Jamii, viongozi wetu wa dini, wanakikundi, familia zetu na wageni waalikwa, mbukwenyi!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru pia wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali kuja Nkuhungu siku ya Jumamosi, siku ambayo nawe ulistahili kuwa nyumbani kwako. Tunalitaja hili mapema kwa sababu sehemu kubwa ya risala yetu inahusu siku za namna hiyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu chenye wanachama 18 kilianza kama vikundi vingi vya kuweka na kukopa, tukiwa na sanduku moja, kufuli tatu na washika funguo watatu. Baadaye tuliona fedha zinatoka sandukuni kwenda kwenye ada na misiba, kisha zinarudi zilivyokwenda, tukaamua sehemu ya hisa zetu izae. Tukaanza kutengeneza siagi ya karanga, kwa kuwa karanga za Kongwa na Mpwapwa zinapita mlangoni petu kila mwaka na kila mmoja wetu anajua kuzikaanga tangu utotoni.

Kuhusu soko, tulijifunza taratibu. Mwanzoni tulikuwa tunapima kwa kijiko kwenye chombo cha mteja, na wateja wetu walikuwa majirani tu. Tulipopata barua ya utambulisho ya SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, na kupitia vipimo vya TBS, shirika la viwango, tulianza kufungasha kwenye makopo yenye lebo. Hatukuwa na fedha za matangazo, hivyo lebo yenyewe tuliifanya tangazo: tuliandika karanga zimetoka wilaya gani, zimekaangwa tarehe ngapi, na namba ya simu ambayo mteja akiipiga inapokelewa na mtu aliyezikaanga. Picha tulizituma WhatsApp, lakini kwa kweli kilichouza zaidi ni kuonjesha. Kwenye viwanja vya Nzuguni wakati wa Nane Nane, mtu akishaonja kipande cha mkate wetu huwa haulizi maswali mengi. Tuligundua pia kwamba Dodoma ina msimu wake ambao miji mingine haina. Kuanzia Aprili hadi Juni, Bunge linapojadili bajeti, mji hujaa wageni wa kila mkoa, na wageni hupenda kurudi kwao na kitu mkononi.

Hapo ndipo mambo yalipotuelemea, Mheshimiwa. Karanga mpya huingia sokoni baada ya mvua kukatika, na bei huwa nafuu kuanzia Mei, wakati uleule ambao wageni wako wengi mjini. Miezi ya kununua kwa wingi na miezi ya kuuza kwa wingi hutukuta na mikono ileile. Mwaka juzi, baada ya Nane Nane, tulipokea kila oda iliyokuja, kwa kuwa hakuna aliyetufundisha kwamba oda inaweza kukataliwa. Tulichambua karanga hadi saa sita usiku. Watoto wa baadhi yetu walikwenda shule bila uji, mwenzetu mmoja alilazwa kwa presha, na wawili wetu walikopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, ili kujazia mtaji, deni ambalo mmoja wao amelimaliza mwaka huu tu. Nasi tulikuwa tunajisifu kwamba biashara imekua.

Kisha duka moja la mjini lilirudisha makatoni, likieleza kwamba siagi ilikuwa chungu. Tulipofungua makopo tulijua kosa ni letu: karanga mbovu zilipita kwenye ungo bila kuonekana. Tunaomba tukae kidogo kwenye jambo hili, kwa sababu katika mkoa huu si la mzaha. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, ambayo siku zile ilihusishwa hasa na mahindi, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga nazo hushambuliwa na ukungu huohuo, na moto wetu wa kukaangia hauimalizi sumu hiyo. Kinga iko kwenye kukausha vizuri, kuhifadhi pasipo unyevu, na kuchambua punje moja moja, ukitoa iliyosinyaa, iliyopasuka na iliyobadilika rangi. Kazi hiyo ya mwisho inataka macho yaliyolala usiku uliopita, na hakuna mashine tunayomudu kuinunua ikaifanya badala yetu.

Kwa hiyo tuliandika kanuni mpya, na hatukuzikubali bila ugomvi. Hatupokei oda inayozidi karanga ambazo tayari zimechambuliwa na ziko ghalani. Kuchambua kunafanyika asubuhi, kwa zamu, na saa kumi na moja jioni mlango unafungwa. Simu ya kikundi inazimwa saa moja usiku. Jumapili hatufanyi kazi, na wenzetu Waislamu wana mapumziko yao Ijumaa mchana. Malipo yote yanapitia Lipa Namba ya kikundi, ili fedha ya siagi isichanganyike na fedha ya mboga, na kila anayeshika zamu analipwa ujira wake kabla faida haijahesabiwa. Tulipoanza kuhesabu ujira huo tuligundua kwamba bei yetu ya zamani ilikuwa inatunyonya sisi wenyewe, tukapandisha. Wateja kadhaa walituacha, baadhi yao jamaa zetu wa karibu, na lawama zao bado tunazisikia. Mwaka huu tumeuza makopo machache kuliko mwaka juzi, lakini gawio la leo ni kubwa zaidi, na hakuna katoni iliyorudi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunayo maombi mawili. La kwanza linahusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo wanawake wametengewa asilimia nne. Tunaiheshimu na tunakusudia kuiomba. Ombi letu ni kwamba fedha zitoke kabla ya Mei, na marejesho yaanze baada ya mauzo ya Nane Nane, kwa sababu marejesho ya kila mwezi yanayoanza wakati mtaji wote uko kwenye magunia ndiyo yanayomsukuma mwanamke kwenye kausha damu. La pili ni dogo: tunaomba kata ipate kipimo cha unyevu wa nafaka na karanga, ambacho vikundi vyote vitakitumia kwa zamu.

Tumeweka meza pale chini ya mwarobaini, pamoja na ungo na karanga ambazo hazijachambuliwa, na tunakuomba upite uchambue kiganja kimoja pamoja nasi kabla ya kuonja. Kwa kuwa kadi ya mwaliko ilisema shughuli itakwisha saa tisa alasiri, tutafunga saa tisa.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi