Mheshimiwa Waziri, moyo wa mama angu hauna namba

Assalaam alaykum Mheshimiwa Waziri wa Afya, nakuandikia kutoka Wete, Pemba, na nnakuomba barua hii uisome mwenyewe.

Mama angu ana presha ya miaka mingi. Ndani ya mwaka mmoja kapigwa picha ya kifua mara tatu. Ya kwanza akaambiwa moyo umekua kidogo, ya pili daktari mwengine akatizama akasema uko sawa tu, ya tatu tushapanda meli Mkoani mpaka Unguja, na miguu ishamvimba hata viatu haviingii, ndo tukaambiwa moyo mkubwa. Sasa umekua lini? Kwa kiasi gani? Hakuna anaejua, kwa sababu hakuna alieandika namba, zote tatu zina maneno tu, "kidogo", "sawa", "mkubwa".

Na kipimo kipo, tena cha zamani: unapima upana wa moyo kwenye picha unaugawa kwa upana wa kifua kwa ndani pale kilipo kipana zaidi, mtu mzima ikizidi 0.5, yaani nusu, moyo unatiliwa shaka. Rula inatosha. Lakini daktari mwenye foleni mpaka nje hapati muda wa kushika rula kila picha, na simlaumu hata kidogo. Hizi programu za akili mnemba zinachora mpaka wa moyo na mapafu zenyewe na kutoa namba kwa sekunde chache, hata kwa aliekuja na kikohozi tu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishapendekeza programu za kusoma picha za kifua kutafuta kifua kikuu, kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Picha ni hiyohiyo na moyo umo mulemule, mbona hatuupimi?

Naomba kila picha ya kifua ya dijitali inayopigwa Pemba itoke na namba ya moyo, iandikwe kwenye cheti cha mgonjwa na ibaki kwenye faili, ili ya mwakani ilinganishwe na ya leo.

Ila isiletwe ovyo. Mgonjwa akipigwa picha kitandani, mashine iko mbele yake, moyo hutoka mkubwa kuliko ulivyo, na asievuta pumzi vizuri hivyohivyo, kwa hiyo lazima programu ijue picha imepigwaje. Na ijaribiwe kwanza kwa picha zetu wenyewe, maana mafungu makubwa ya picha za kufundishia programu hizi yanatoka mbali, la taasisi ya afya ya Marekani lililotolewa 2017 peke yake lina picha 112,120. Na namba ikizidi pawe na mtu wa kumpima mgonjwa moyo kwa ultrasaundi hapahapa Pemba, kwani picha ya kifua haionyeshi moyo unasukuma damu vipi, bila ya hivyo tutawatia watu hofu tu halafu tuwarudishe kwenye meli.

Picha tatu za mama ninazo kwenye bahasha, zina tarehe zake, mkizitaka kwa majaribio nitazileta mwenyewe.