Muulizeni mgonjwa alikoishi kabla ya kumpa steroidi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu minyoo inayosafiri pamoja na watalii na wahamiaji imegusa jambo ambalo magazeti hulipita, na kwa hilo nashukuru. Kilichonisikitisha ni kwamba msomaji anaimaliza akimwogopa jirani aliyetoka mbali. Mimi ni mtu wa maabara, na choo na mkojo wa wagonjwa ndivyo ninavyovitazama kwenye hadubini kila siku ya kazi. Naomba nafasi niseme kwamba aliye hatarini hasa ni huyo jirani mwenyewe.

Mtu hapati safura wala mchango kwa kumpa mwenzake mkono. Mayai yake yakishatoka na kinyesi hayawezi kumdhuru mtu papo hapo, sharti kwanza yakae kwenye udongo wenye joto na unyevu hadi yakomae. Kichocho nacho hakiendi popote bila konokono wa majini wa aina maalumu. Penye vyoo vizuri mzunguko huo hukatika.

Ni kweli kwamba hali tofauti hutokea. Mwaka 2014 ilianza kugundulika kwamba watu waliooga katika mto Cavu, kisiwani Corsica nchini Ufaransa, wamepata kichocho bila kufika nchi yoyote yenye ugonjwa huo. Konokono walikuwamo mtoni tangu zamani, kilichokosekana kilikuwa mkojo wenye mayai. Na mwaka 1992 madaktari wa New York waliripoti vifuko vya mabuu ya tegu wa nguruwe katika ubongo wa Wayahudi wa Orthodox, watu wasioonja nyama hiyo kabisa. Mayai yalitoka kwa mtu aliyekuwa na tegu tumboni, yakaingia chakulani kwa njia ya mikono. Lakini hata hapo kinga ni kumpima na kumtibu mwenye tegu. Kumtenga au kumfukuza kazi kutamfanya afiche ugonjwa wake.

Mnyoo ambao makala haikuutaja hata kwa neno moja ndio unaonikosesha usingizi. Wataalamu huuita strongiloidesi. Mabuu yake hupenya ngozi ya mtu anayekanyaga peku udongo uliochafuliwa na kinyesi, hupita kwenye damu na mapafu, humezwa pamoja na makohozi, kisha huweka makazi katika utumbo mwembamba. Minyoo mingi ya tumbo huzeeka na kufa baada ya miaka michache. Huu huanguliwa humo humo utumboni, na baadhi ya watoto wake hutoboa ukuta wa utumbo na kuanza safari upya bila kutoka nje. Askari wa Uingereza na Australia waliotekwa na Wajapani katika Vita Kuu ya Pili na kulazimishwa kujenga reli kati ya Thailand na Burma walikutwa bado wanao miongo kadhaa baada ya kurudi kwao.

Mwenye mnyoo huu aghalabu hajui. Huenda anawashwa mara kwa mara, au tumbo linamsumbua, au chembe za damu ziitwazo eosinofili zimepanda na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Kisha siku moja anapewa steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na kinga ya mwili: kwa ajili ya pumu, baridi yabisi, uvimbe wa ubongo, au baada ya kupandikizwa figo. Dawa hiyo huzima ulinzi uliokuwa ukiubana mnyoo. Mabuu huongezeka bila kizuizi, hutoboa utumbo kwa wingi na kubeba bakteria hadi kwenye damu, mapafu na utando wa ubongo. Wengi wanaofikia hali hiyo hufa. Na kibaya zaidi, wakati huo eosinofili zinaweza kuwa zimeshuka, kwa hiyo ile dalili moja iliyokuwepo haionekani tena. Wakati wa UVIKO-19, kuanzia mwaka 2020, deksamethasoni, ambayo ni steroidi, ilitolewa kwa wagonjwa wengi sana duniani, na ni wachache mno walioulizwa kwanza walikulia wapi.

Inauma kwa sababu tiba ipo. Ivermektini ya siku moja au mbili huwatosha wagonjwa wengi ikitolewa mapema. Tahadhari ni kwa waliotoka misitu ya Afrika ya Kati na sehemu za Magharibi, ambako kuna mnyoo wa macho, Loa loa. Hao wapimwe damu kwanza, maana wakiwa na vimelea vingi dawa hiyo inaweza kuwadhuru ubongo.

Wapo watakaosema wakimbizi hupewa dawa ya minyoo kabla ya kusafiri. Ni kweli, Marekani ilianza utaratibu wa albendazoli mwaka 1999, na minyoo ya kawaida ilipungua sana. Ila dozi moja ya albendazoli haiwezi kutegemewa kuondoa strongiloidesi, na kichocho haikigusi. Vijana wa Sudan waliohamishiwa Marekani walipopimwa damu miaka michache baadaye, karibu nusu walikuwa na kingamwili (protini za ulinzi ambazo mwili huzitengeneza dhidi ya kimelea) za strongiloidesi, na karibu nusu za kichocho. Ndipo ivermektini na prazikwanteli, dawa ya kichocho, zikaongezwa. Kituo cha Ulaya cha kudhibiti magonjwa kilishauri mwaka 2018 kwamba wahamiaji wapya kutoka maeneo yenye maradhi haya mawili wapimwe damu. Aliyehamia miaka thelathini iliyopita hakupitia utaratibu wowote kati ya hizi.

Watalii nao wasijione salama. Mtu akiogelea Ziwa Malawi au Ziwa Victoria, wiki chache baadaye anaweza kushikwa na homa, kikohozi na vipele. Akipimwa mapema mno majibu huwa safi, na prazikwanteli ya mapema huwaacha minyoo wachanga hai. Kipimo kifanyike takriban miezi mitatu baada ya kugusa maji hayo kwa mara ya mwisho, hata kama hana dalili. Wanawake ndio wanaonyanyasika zaidi, kwani vidonda vya kichocho kwenye shingo ya kizazi hudhaniwa kuwa vya zinaa, na mama anatibiwa asichougua huku ndoa yake ikitiliwa shaka.

Ombi langu kwa waganga wanaosoma gazeti hili ni dogo. Fomu nyingi zinazotufikia maabara zimeandikwa "choo, minyoo" na sehemu ya historia ya mgonjwa ni tupu. Kwa sampuli moja ya kawaida strongiloidesi hutuponyoka mara nyingi, kwa kuwa mabuu hutoka machache na si kila siku. Mkiandika nchi alizoishi na kwamba mnakusudia kumpa steroidi, tutaomba sampuli zaidi, tutaotesha mabuu kwenye agari, yaani lishe ya maabara, na tutachukua damu ya kupima kingamwili siku hiyo hiyo.

Wako,
Mtumishi wa maabara